Nilikosoa lugha ya programu, nikaamkia majibu 60: kosa ni langu?

"Habari mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Roysambu na nimeajiriwa na kampuni changa inayoshughulikia malipo ya karo za shule kwa simu. Nilianza na lugha ya PHP, na tangu mwaka jana tunaandika kwa lugha ya Go. Kuna kitu kinanichosha: kila unapoita fanksheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi fulani, na kinaweza kushindwa, ni lazima ufuatishe mistari mitatu ya kukagua kama kuna hitilafu. Faili yetu kuu ya malipo ina mistari 410, na ukaguzi huo umo mara 44. Wiki mbili zilizopita, mwendo wa saa tano usiku, niliandika katika jukwaa la watumiaji wa Go. Nilianza kwa kusema nimetoka PHP, kisha nikasema Go imeharibika kabisa na kwamba waliobuni lugha hii hawajawahi kuandika programu halisi ya biashara. Hesabu ile sikuiweka, niliandika kwa hasira tu. Nikalala. Kuamka, majibu yamepita 60. Wengine wanasema sijaielewa lugha, wengine nirudi PHP nilikotoka, mmoja anauliza kama najua kusoma. Kufikia saa nne asubuhi msimamizi alikuwa ameufunga mjadala. Mwezi ujao nimejiandikisha kutoa mada kwenye mkutano wa wanaprogramu hapa mjini, na sasa naogopa hata kwenda. Je, jamii hizi hazikosolewi? Au ni kwa sababu mimi ni Mkenya na Kiingereza changu si kama chao? Nifute nilichoandika?"

Dada, pole. Kujadiliwa na watu 60 usiowajua ukiwa usingizini kunaumiza, na sitakuambia kwamba mtandao ndivyo ulivyo, uzoee. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi: usifute. Ukifuta, majibu yao yatabaki yananing'inia bila swali, na atakayeyasoma atadhani uliandika jambo baya kuliko uliloandika. Hayo mengine yanataka tukae chini.

Nimeandika programu hapa Nairobi kwa miaka ishirini hivi, natunza maktaba mbili ndogo za programu huria, yaani vipande vya programu vilivyo wazi kwa yeyote kuvitumia, na kuna kipindi nilikuwa msimamizi wa mijadala kama huo wako. Kwa hiyo nimekosoa, nimekosolewa, na nimefunga mijadala ya wengine. Tena nimewahi kuwa mmoja wa wale 60. Hilo nitalieleza baadaye kidogo, maana silipendi.

Umesema "jamii hizi" kana kwamba kuna mtu mmoja anayeitwa Jamii, aliyekaa kitini akakuhukumu. Nenda steji yoyote mjini saa kumi na mbili jioni, useme kwa sauti kwamba matatu ile ni mbovu. Mwenye gari hatakujibu. Yuko kwake, na pengine hajui hata gari lake liko wapi. Dereva ana shughuli ya kutafuta upenyo wa kutoka. Atakayekurukia ni manamba, ambaye hamiliki hata tairi moja la gari hilo, ila yupo pale, ana sauti, na siku yake inategemea wewe upande. Lugha za programu zina watu wa namna hiyo hiyo. Wanaoamua Go iende wapi ni wachache, na ni nadra kuwakuta wakibishana na mgeni. Kuna waandishi wa maktaba, ambao wamechoka. Kuna umati mkubwa wanaoitumia kazini, wakimaliza wanafunga kompyuta na kwenda nyumbani. Hao hutawasikia kamwe. Halafu kuna walioingia juzi, bado wana moto wa mwongofu mpya. Hao ndio hujibu ndani ya dakika tano.

Ukiongeza na saa uliyoandika, picha inakamilika. Saa tano usiku ya Nairobi, California ni saa sita au saa saba mchana. Uliweka maneno yako mezani wakati wengi wao wako macho, kisha ukaenda kulala. Katika mjadala wa aina hiyo majibu matatu ya kwanza ndiyo huamua tunazungumzia nini, na hayo mengine huyajibu yale matatu. Ungekuwepo ungesema "hapana, sikumaanisha hivyo", pengine mambo yangetulia. Yasome tena leo, ukiwa umeshakula, uhesabu ni wangapi waliokuwa wanakujibu wewe na wangapi walikuwa wanajibizana wao kwa wao. Nadhani utashangaa.

Kuhusu Ukenya wako, siwezi kukuapia kwamba ubaguzi haumo. Umo, nimeuona, na baadaye nitakuambia ufanye nini ukiuona. Lakini kwa ulichonieleza, huhitaji ubaguzi ili kupata majibu yale. Guido van Rossum ndiye aliyeiunda lugha ya Python, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1991, na kwa miaka mingi neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Julai 2018 aliacha uongozi huo baada ya ugomvi juu ya pendekezo nambari 572, lililoleta alama moja ndogo, nukta pacha na sawa, ya kukipa kigeu, yaani jina linalohifadhi thamani, thamani yake katikati ya usemi. Na alikuwa ameshinda! Pendekezo lilikubaliwa, alama ikaingia katika Python 3.8 mwaka uliofuata. Alisema tu kwamba hataki tena kupigania jambo kwa nguvu kiasi kile kisha akute watu wengi wanauchukia uamuzi wake. Huyo ni mwenye nyumba, ndani ya nyumba yake. Tangu 2019 Python inaongozwa na baraza la watu watano wanaopigiwa kura.

Kiingereza chako sidhani kina tatizo. Tatizo ni chumvi. Sisi tukiwa kwenye meza ya nyama choma, mtu akisema simu yake "imeharibika kabisa" kila mmoja anajua maana yake ni kwamba betri inaisha haraka. Chumvi hiyo haisafiri. Msomaji wa mbali asiyekuona ukicheka huchukua neno kama lilivyoandikwa, na "imeharibika" akaielewa kuwa haifanyi kazi, ilhali yeye ameitumia tangu asubuhi na inafanya kazi.

Sasa nikuambie na lako, maana nikikuficha nitakuwa sijakusaidia. Ile sentensi kuhusu waliobuni lugha ilikuwa kosa, na ndiyo iliyowasha moto. Go ilianza kubuniwa Google mwaka 2007 na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson. Huyo Thompson ndiye aliyeanzisha Unix pamoja na Dennis Ritchie. Ukisema mtu kama huyo hajawahi kuandika programu halisi, umempa kila manamba ruhusa ya kukujibu hilo na kuacha hoja yako ya hitilafu. Ungesema kwamba walibuni lugha kwa matatizo ya Google, yenye maelfu ya wahandisi na seva zisizohesabika, na kwamba matatizo hayo si ya kampuni changa ya karo Nairobi, hoja ingekuwa kali na kuijibu kungekuwa kazi. Umekaribia sana kuisema. Ila uliwasema watu, ukaiacha kazi yao.

Kuna jambo lingine ambalo hukuwa na njia ya kulijua: ulitonesha kidonda. Malalamiko ya `if err != nil`, ule mstari wa kukagua hitilafu, ni ya zamani sana katika Go. Mwaka 2018 wabunifu wenyewe walitoa rasimu ya kuyapunguza. Mwaka 2019 wakaja na pendekezo jingine, fanksheni iliyoitwa `try`, ambayo ingefupisha mistari yako mitatu hadi mmoja. Watumiaji wakalipinga kwa mamia ya maoni, kwamba linaficha njia ambayo programu itapita, na Julai mwaka huo huo likaondolewa. Yakaja mengine, likiwemo la kutumia alama ya kuuliza kama ilivyo katika lugha ya Rust. Hakuna lililopata makubaliano. Juni 2025 timu ya Go ikatangaza kwamba kwa sasa haitaendelea kutafuta mabadiliko ya kisintaksia, yaani ya namna lugha inavyoandikwa, katika kushughulikia hitilafu. Kwa hiyo ulipoingia na lalamiko lako, wapo walioliona kama jambo jipya la kupiga domo, na wapo waliolisikia kwa mara ya mia tatu. Hao wa pili hawakukukasirikia wewe binafsi. Walikuwa wamechoka, na uchovu ukiandikwa husomeka kama dharau. Unaona basi kwamba jamii hii hukosolewa, na wakosoaji wakubwa wa ukaguzi wa hitilafu wamo ndani yake, wakiwemo walioibuni. Kilichoshindikana ni kukubaliana juu ya dawa.

Lakini kwa nini hasira? Mtu akisema nyundo yangu ni mbaya sikasiriki. Hapa ndipo nilipokuahidi kuungama.

Mwaka 2012 insha moja ndefu dhidi ya PHP ilienea kote, ikiorodhesha kasoro zake moja baada ya nyingine. Mimi wakati huo nilikuwa nalipa kodi ya nyumba kwa PHP. Tovuti za shule, za hoteli, duka moja la mtandaoni, zote PHP. Kijana mmoja akaitaja insha hiyo kwenye mjadala, nami nikamwandikia aya saba za sumu. Nilimwambia hajakomaa, nikamwambia akajenge kitu kwanza ndipo aongee. Insha yenyewe sikuwa nimeisoma hadi mwisho! Nilisoma kichwa na aya mbili tatu, nikahisi kuna mtu anakuja kuninyang'anya unga. Maana ukishajifunza lugha kwa miaka mitano, ukalipa karo ya kozi, ukaiandika kwenye CV, ukapata kazi kwa jina lake, anayesema lugha ni mbovu unamsikia akisema miaka yako mitano ni mibovu. Hakusema hivyo. Wewe ndiye uliyemsikia hivyo.

Miezi michache baadaye kasoro mojawapo ikanikuta. Katika PHP ya wakati ule, ukilinganisha sifuri na neno kwa alama mbili za sawa, jibu lilikuwa kwamba vinalingana, kwa sababu neno lisilo na tarakimu liligeuzwa kuwa sifuri kwanza. Lile duka la mtandaoni lilikuwa na kuponi moja ambayo mtu aliihifadhi kama namba sifuri. Mteja akiandika neno lolote, hata jina la mbwa wake, anapata punguzo. Nilikaa ofisini Jumamosi na Jumapili nikipitia risiti. Yule kijana sikumwandikia tena kumwomba radhi, na hilo bado linanikera.

PHP ilikuja kulirekebisha hilo katika toleo la 8, Novemba 2020. Watunzaji wa lugha waliokuwa wakitukanwa kwa miaka yote hiyo ndio walioandika pendekezo, wakapima litavunja nini, wakalipigia kura, ambapo PHP hudai theluthi mbili. Kwa hiyo ukosoaji ulisikika. Ulichukua miaka, na ulisikika na watu wengine kabisa, siyo sisi tuliokuwa tukipiga kelele pande zote mbili.

Jambo jingine kuhusu hasira ni jezi. Mwambie shabiki wa Gor Mahia kwamba kipa wao leo amedaka ovyo. Kama nawe ni wa Gor, atakubali, na ataongeza matusi yake juu. Kama umevaa ya Ingwe, wapinzani wao, ataapa kwamba kipa yule ni malaika. Maneno ni yale yale. Wewe mstari wako wa kwanza ulikuwa "nimetoka PHP", na nakuelewa, ulitaka kuwa mkweli. Wao waliona jezi. Ungeanza na "nimeandika Go kwa mwaka mzima, mfumo wetu wa malipo unaendeshwa nayo", ungekuwa mkweli vile vile, na ungeingia kwa mlango wa wenyeji.

Kisha kuna mambo ambayo hayabadilishwi hata kila mtu akikubali ni makosa. JavaScript, ambayo Brendan Eich aliiandika toleo lake la kwanza kwa siku kumi mwaka 1995, ukiiuliza aina ya `null`, yaani pasipo na kitu, hukuambia ni `object`, yaani kitu. Ni kosa, wenyewe wanasema ni kosa. Lilifikiriwa kurekebishwa, likaachwa, kwa sababu kuna tovuti zinazolitegemea, na kulirekebisha kungezivunja. Go nayo ilitoa ahadi na toleo la 1 mwaka 2012 kwamba programu ya leo itaendelea kufanya kazi kesho. Mtu akikujibu "haiwezekani" bila maelezo, mara nyingi ahadi kama hiyo ndiyo anayoificha nyuma ya neno hilo. Angeieleza, bila shaka. Wengi hawaelezi.

Sasa nikuonyeshe lalamiko lililopita, katika Go hiyo hiyo, miaka hii hii. Zamani kigeu cha kitanzi, yaani cha sehemu ya programu inayojirudia, katika Go kilikuwa kimoja, kinabadilishwa thamani kila mzunguko. Ukihifadhi anwani yake, yaani mahali kinapokaa katika kumbukumbu ya kompyuta, ndani ya kitanzi, mwishoni unajikuta na anwani kumi zote zinaelekeza kwenye kitu cha mwisho. Watu walilalamika miaka na miaka, na walijibiwa kama wewe: hujaielewa lugha, soma maelezo. Mwaka 2020 Let's Encrypt, wanaotoa vyeti vya usalama vya tovuti bila malipo, wakagundua kasoro kwenye mfumo wao. Cheti kikiwa na majina kadhaa ya tovuti yanayotakiwa kukaguliwa upya, mfumo ulikuwa unachukua jina moja na kulikagua mara nyingi, badala ya kukagua kila jina mara moja. Chanzo kilikuwa ni kile kigeu cha kitanzi. Vyeti zaidi ya milioni 3 viliathirika. Mfano wa namna hiyo haujibiwi kwa "soma maelezo", maana waliokosea si wanagenzi. Wabunifu wa Go wakaukusanya pamoja na mingine, wakaruhusu jaribio katika toleo la 1.21 mwaka 2023, na Februari 2024 toleo la 1.22 likabadilisha tabia hiyo, ila kwa programu zinazotangaza kwamba zinatumia toleo hilo au jipya zaidi, ili za zamani zisivunjike.

Kelele za kitanzi hazikuwa kubwa kuliko zako. Kilichotofautiana ni kwamba madhara yalionekana, na dawa haikuumiza waliokuwepo.

Ndiyo maana nilipofika kwenye namba yako nilisimama. Mara 44, mistari mitatu kila mara, ni mistari 132 kati ya 410. Karibu theluthi ya faili. Hicho ndicho kitu chenye uzito kuliko vyote ulivyoniandikia, na ndicho ulichokiacha nyumbani ulipokwenda jukwaani! Ukachukua "imeharibika kabisa" badala yake.

Ila namba hiyo haijaiva. Fungua faili, upitie zile 44 moja moja, uzigawe mafungu mawili: zinazopitisha tu hitilafu kwenda juu bila kuongeza neno, na zinazofanya jambo. Fikiria ombi la malipo ya M-Pesa. Mfumo hupokea ombi lako kwanza, kisha matokeo huletwa baadaye kwenye seva yako. Mtandao ukikatika kabla hujapata jibu, hujui kama mzazi ameulizwa namba ya siri au la, na kupitisha hitilafu juu tu, kisha programu ikajaribu tena, ni kumtoza mtu karo mara mbili. Pale mistari mitatu ni michache, unahitaji kumi. Hiyo ndiyo hoja nzuri ya wanaoitetea Go, kwamba inakulazimisha usimame kila mahali ambapo kitu kinaweza kuharibika. Kwa programu za pesa mimi nakubaliana nao kuliko unavyotarajia. Lakini kama 30 kati ya 44 ni za kupitisha tu, basi hiyo lazima haikufanyi ufikirie. Inakufundisha kunakili bila kuangalia, na siku moja utanakili mahali palipotakiwa kufikiriwa. Hapo una hoja ambayo watetezi wenyewe wangepaswa kuiogopa.

Angalia pia kama mnatumia kilichokwisha kupatikana. Toleo la 1.13 la mwaka 2019 lilileta njia ya kuifunga hitilafu ndani ya nyingine kwa `%w`, ikafika juu ikiwa na historia yake. Haipunguzi mistari, lakini inaipa kazi.

Basi ufanye nini? Waliokuambia urudi PHP walikosa adabu, ila ndani yake mna ushauri ambao akikupa rafiki usingeudharau. Lugha ni nyingi. Kama kampuni ni changa na mfumo ni mdogo, kuhama si dhambi. Gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, wenzako watabaki na msimbo wa Go wa kutunza, na kule uendako kuna kero ambayo hujakutana nayo bado. Kwa sababu ya hitilafu peke yake, mimi nisingehama.

Waliokuambia "lete pendekezo" huenda walisikika kama wanakufukuza. Kwa kiasi walikuwa wanakufukuza. Lakini mlango huo ni wa kweli: Python ina utaratibu wake wa mapendekezo, Rust na PHP zina wao, Go vile vile, na mabadiliko niliyokutajia yalipita humo. Nakushauri usilete pendekezo la sintaksia ya hitilafu sasa, kwa tangazo lile la 2025 litafungwa kabla chai haijapoa. Unachoweza kuleta ni taarifa ya matumizi: mfumo wetu unafanya hivi, ukaguzi ni kiasi hiki, kati yake hivi ni vya kupitisha, na hapa ndipo tuliponakili vibaya ikatugharimu. Usidai dawa. Wabunifu wa lugha hupewa dawa kila siku, wagonjwa wenye maelezo kamili ndio adimu.

Kwenye ule mjadala wa zamani, ukifunguliwa tena, andika mara moja tu. Sema maneno uliyoyasema kuhusu wabunifu hayakuwa ya haki, weka hesabu yako, kisha utoke. Usimjibu yule wa "unajua kusoma". Ukibaki umefungwa, uache. Nilipokuwa msimamizi nilifunga mijadala mingi kwa sababu moja ya kawaida sana, kwamba nilikuwa nakwenda kazini na hapakuwa na mtu wa kuuangalia. Haikuwa hukumu dhidi ya aliyeuanzisha.

Kisha mada yako ya mwezi ujao. Nenda. Nakuomba hata ubadilishe kichwa, uzungumzie mistari 132. Chumbani na watu arobaini, uso kwa uso, mtu akitaka kukuambia hujaielewa lugha itabidi anyooshe mkono, akuangalie machoni, na aseme ni wapi hujaelewa. Wengi wakifika hapo huuliza swali la maana. Na kama kweli kuna mahali hujaelewa, utajua kwa dakika mbili, siyo kwa majibu 60. Fika mapema, umtafute mtu aliyeandika Go miaka mingi, ukae naye na kompyuta yako mupitie faili hiyo pamoja. Hilo mimi siwezi kukufanyia kwa barua.

Kuna mambo ambayo si mjadala tena, na hayo usiyabebe peke yako. Mtu akikutumia ujumbe wa faragha wa vitisho au wa kukudhalilisha kama mwanamke, akimwandikia mwajiri wako, akikutaja kwa kabila au rangi, piga picha za skrini kabla hazijafutwa, zikiwa na tarehe. Jamii ya Go ina kanuni za maadili na njia ya kuripoti. Itumie, hata kama mjadala umefungwa. Mwambie pia mkubwa wako kazini asije akasikia kwa mwingine. Vikifika vitisho, nenda kituo cha polisi au kwa wapelelezi wa DCI. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inatambua unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa. Na kama usingizi umekukimbia wiki hizi mbili, au mkono unatetemeka ukifungua kompyuta, mtafute mshauri nasaha mkae naye ana kwa ana. Nimewaona wanaprogramu wazuri wakiacha kazi hii kwa jambo lililoanza hivi hivi.

Ukishazigawa zile 44, niandikie uniambie ni ngapi zilikuwa zinapitisha tu. Mimi nabashiri 30.